Sampuli ya Kumi na Nne

Nimeumenya muhogo wako, Bi Semeni,
kwa kisu cha plastiki, kama mtoto anayecheza mapishi,
maana kisu cha chuma huacha umbea wake
na hapa tunataka muhogo useme wenyewe.
Nimeuosha kwa maji yasiyo na kitu,
maji ambayo hata chura angeyakataa.
Nimeukausha kwenye tanuri siku mbili, usiku na mchana,
na maabara nzima ikanukia jioni ya Kigogo
pale wachoma mihogo wanapopepea jiko
na kukata ndimu.

Kisha kinu. Kisha mizani.
Shuleni walinifundisha kwamba mizani ni silabi
na kina ni sauti inayorudi mwishoni mwa mstari.
Hapa kina ni sentimita ishirini chini ya ua wako,
na mizani ina vioo pande zote, kama kabati la vikombe vya wageni,
kwa sababu hata pumzi yangu ina uzito.

Gramu sifuri nukta tano sifuri mbili.
Mgongo wako haumo humo.
Wala ule mwaka mto uliopanda ukachukua mashina yote
ukaenda kwa jirani kuomba vijiti vya mbegu
ukaanza upya, matope yakiwa bado magotini.

Nikamimina tindikali.
Moshi wa rangi ya chungwa ukapanda, ukatoweka,
muhogo ukawa maji meupe
ambayo usingeyatofautisha na ya mtungini.

Mashine haijui muhogo. Inaunguza tone, inatazama mwanga.
Potasiamu: tele.
Chuma: kipo.
Zinki: nikatabasamu peke yangu
kama mzazi anayesoma ripoti ya mwanawe.
Halafu mstari wa chini kabisa.

Risasi.

Mara nne ya kiasi kinachoruhusiwa.
Ile ya bunduki na hii ya udongo, lugha imezipa jina moja;
hii tu ndiyo haina mlio.

Nikarudia. Nikalaumu chupa. Nikamlaumu Kisinza aliyefuta meza.
Nikarudia tena, na namba ikashikilia maneno yake
kama shahidi asiyeogopa hakimu.
Udongo nao ukaja na ushahidi ule ule, mzito zaidi.

"Hapa palikuwa na fundi betri," uliniambia siku ile,
ukinionyesha kona ya ua kwa mpini wa jembe.
"Mtu mpole. Alipohama aliniachia kiwanja bure.
Na tazama, mihogo ya kona hii ndiyo inayonenepa."
Nikaandika: kona ya kaskazini, udongo mweusi.
Sikuandika kwamba ulikuwa unajivuna.
Sikuandika kwamba mjukuu wako Tunu, miaka minne,
alikuwa amekaa juu ya tuta akitafuna kipande kibichi,
mavumbi mpaka masikioni.

Wala sikuandika kwamba nilikula.
Muhogo wa nazi, sahani mbili,
nikachovya na kidole tui lililobaki.

Kwenye fomu kuna nafasi imeandikwa *Maoni*.
Nimeitazama tangu saa nane.
Nikiandika "usipande," utakula nini?
Nikiandika "umenye nene, osha sana, kona ile iache,"
nimekupa ushauri, au nimejipa mimi usingizi?
Namba inajua kiasi. Haijui bei ya unga.
Na juu kabisa, kwenye *Jina la mkulima*,
mwandiko wangu mwenyewe unanitazama:
Semeni.
Wazazi wako walikupa jina ambalo ni amri,
na mimi nimeshaa kalamu mkononi.

Asubuhi nimefunga ofisi, nimeshuka kwa miguu mpaka bondeni,
karatasi nimeikunja mara nne mfukoni.
Nimebisha hodi.
"Karibu, mwanangu," umejibu kutoka uani,
"umekuja wakati mzuri."

Sufuria ishainjikwa.